Kelepi na Siku Tano Bila Choo

Kla. Kisha kimya. Kisha kla tena.

Niliijua sauti hiyo hata kabla sijafumbua macho. Ilikuwa sauti ya komeo la mlango wa choo chetu, nyuma ya nyumba. Mtu analiinua, anasimama, halafu analirudisha mahali pake. Haingii. Nikasikia ndara zake zikirudi polepole, kwaru, kwaru, na mkeka ukilia alipojilaza kwa ubavu.

Kulikuwa hakujapambazuka, na hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Niliamka, nikatoka kuwasha moto. Jiko langu liko nje, limeegemea ukuta wa chumba cha mwanangu Kelepi. Ukuta wenyewe ni wa mbao, na mbao zimeachana. Kelepi akikohoa chumbani, mimi jikoni nasema pole. Nguruwe walikuwa wameshaanza kunizunguka wakitaka maganda. Nikabandika birika.

"Kelepi," nikasema. "Umeamka?"

"Sijalala, mama."

"Nikuletee chai na mkate?"

"Sitaki."

"Gimbi moja basi, nilitie tui la nazi."

"Mama, sitaki kitu chochote."

Kelepi ni mwanangu wa mwisho. Ana miaka arobaini na miwili, na mabega mapana kama mlango. Analima viazi vikuu na maboga. Mke wake, Meleane, yuko Australia, anachuma zabibu mpaka msimu uishe. Watoto wao wawili tulikuwa tumewapeleka kwa bibi yao mwingine, ili baba yao apate utulivu. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

Kwa miaka sita Kelepi alikuwa na bawasiri. Hiyo ni mishipa ya damu inayovimba kwenye njia ya haja kubwa. Hakumwambia mtu. Alifikiri damu itaacha kutoka yenyewe. Mimi nilijua siku nilipofua kaptula yake. Nikamwambia, "Utakwenda hospitali, au nitamwomba mchungaji akutaje kwenye maombi." Akaenda siku ile ile. Daktari akamwambia bawasiri imekua mno, dawa ya kupaka haitatosha, lazima ikatwe. Ikakatwa Jumatatu. Jumanne akarudi nyumbani.

Aliyemrudisha ni jirani yetu Sateki, kwa gari lake la mizigo. Sateki alitandika godoro nyuma, akaendesha polepole mpaka mbwa wa njiani wakatupita. Wema huo sitausahau. Lakini Sateki ana mdomo.

Asubuhi hiyo, Jumamosi, alikuja kukiwa ndiyo kwanza kumekucha, ameshika kifurushi cha majani.

"Mgonjwa wangu hajambo?"

"Hajala tangu Jumatano," nikamwambia. "Anakunywa maji funda moja moja tu."

"Vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Mama Fusi, mimi ndiye niliyemshauri. Usipokula, huendi chooni. Usipokwenda, huumii. Akae hivyo hivyo mpaka kidonda kikauke. Hesabu rahisi."

"Na wewe udaktari umeusomea wapi?"

"Kwenye kava," Sateki akasema, akimaanisha baraza la wanaume la kunywa kava, kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili. "Pale jioni tunakuwa madaktari saba. Nimemletea na majani. Ayaponde, aweke pale pale."

Sauti ikatoka chumbani. "Sateki, ukinisogelea na hayo majani, nitakuwekea wewe kwanza."

Sateki akacheka, akaniachia kifurushi, akaenda kumwagilia maboga ya Kelepi. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Niliingia chumbani. Midomo ya mwanangu ilikuwa imekauka. Tumbo lake lilikuwa limekaza. Alikuwa amelala kwa ubavu, amekumbatia mto kama mtoto.

"Niambie ukweli," nikasema. "Umekwenda haja kubwa lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya upasuaji."

"Leo ni siku ya tano."

"Najua."

"Hospitali walikuambia ufanye nini?"

Akaukaza mto kifuani. Nikauliza tena.

"Waliandika," akasema.

"Karatasi iko wapi?"

"Mfukoni mwa suruali niliyorudi nayo."

Suruali ile nilikuwa nimeifua Jumatano. Nilikwenda kwenye kamba, nikatia mkono mfukoni, nikatoa kitu kama donge la unga. Hakikuwa na herufi hata moja. Nilisimama pale kwenye kamba nikijilaumu. Halafu nikarudi ndani.

"Karatasi nimeifua, mwanangu. Nisamehe. Lakini kabla ya kukupa, hawakukusomea?"

"Walinisomea."

"Sasa walisema nini?"

Akageuza uso ukutani. "Mama, aliyenisomea ni Toakase."

Hapo nikaelewa yote, nikakaa chini.

Toakase ni binti wa mdogo wa kiume wa marehemu mume wangu. Kwetu huyo ni dada wa Kelepi, dada kamili. Na kwetu kaka na dada wanaheshimiana kwa umbali. Hawaketi mkeka mmoja. Hawatazami televisheni chumba kimoja. Habari za mwili ndizo haziguswi kabisa mmoja akiwa karibu na mwenzake. Sasa mlango wa wodi umefunguliwa, na nesi anayeingia na karatasi ya bawasiri ni dada yako, amehamishiwa wodi ile juzi tu.

"Alimtafuta nesi mwingine," Kelepi akasema. "Hakukuwa na mtu. Akasimama mlangoni, akasoma huku akitazama dirisha. Na mimi nikatazama dirisha lingine."

"Ukasikia nini?"

"Nilisikia 'asante, dada'. Na hilo nililisema mimi."

Nilichukua simu, nikaenda nayo mpaka zizi la nguruwe.

"Toakase, mwanangu."

"Mama mkubwa. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Ila kuna mtu hapa alipata safari ya hospitali. Tangu arudi hajaenda sokoni. Leo siku ya tano."

Alikuwa amenielewa.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na hali chakula, ili asiende."

"Anatapika?"

"Hapana."

"Mwili una moto? Haja ndogo inatoka vizuri?"

"Moto hana. Haja ndogo inatoka."

"Nakuja na basi la saa tatu," Toakase akasema. "Lakini nakuja kukutembelea wewe, mama mkubwa. Sijui kama nyumbani kuna mtu mwingine."

Alifika amevaa nadhifu, mshipi wa kusuka kiunoni, kama mtu anayekwenda kanisani. Dereva wa basi alikuwa amemshusha mlangoni petu badala ya kituoni, alipoona mzigo wake. Alikuwa na mapapai matatu, shayiri ya kupikia uji, na beseni jipya la plastiki.

Hakuingia nyumbani. Aliketi jikoni, mgongo wake ukielekea zile mbao. Mimi nikaketi mbele yake. Chumbani kulikuwa kimya, kama kwamba hakuna anayepumua.

"Mama mkubwa," akasema, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. "Nataka tuzungumze habari za mtu mmoja wa kijiji cha mbali."

"Kijiji gani?"

"Mbali sana. Humjui."

"Ni kweli," nikasema. "Simjui."

"Mtu huyo alifanyiwa upasuaji wa bawasiri. Nesi wake aliona haya, akamsomea maelezo mbiombio. Kosa ni la nesi, si la mgonjwa."

Ubao ukalia. Mtu alikuwa amejisogeza karibu.

"Sasa mtu huyo anaogopa choo. Anafikiri asipokula hakitakuja. Lakini utumbo haulali, mama. Choo kinatengenezwa hata usipokula. Kinakaa ndani, maji yake yananyonywa, kinakuwa kikavu. Kila siku anayongoja, kinazidi kuwa kigumu. Kikija kutoka hivyo, ndipo kitakapoumiza kidonda. Kikikwama kabisa, itabidi arudi hospitali kitolewe kwa nguvu."

"Mama," sauti ikatoka ukutani.

"Naam."

"Muulize mgeni wako. Huyo mtu wa mbali akienda chooni, nyuzi hazitakatika?"

Toakase akafungua kinywa. Nikainua mkono.

"Subiri nikuulize."

"Nimesikia, mama mkubwa."

"Hukusikia. Anauliza, nyuzi hazitakatika?"

"Mwambie aliyeshona alijua kwamba mtu ataenda chooni. Choo laini hakiharibu kazi yake. Kinachodhuru ni choo kigumu na kujikamua."

"Amesema—" nikaanza.

"Nimesikia, mama," ukuta ukasema.

"Naona mnasikia sana leo. Sasa mimi niko hapa kwa kazi gani?"

Toakase akacheka, akaziba mdomo kwa mkono. Nyuma ya ukuta kulitoka kicheko kifupi, kisha mguno. "Usinichekeshe, mama. Inauma."

Toakase akaniomba mfuko wa dawa. Akapanga dawa tatu juu ya mkeka: vidonge vikubwa vyeupe, vidonge vidogo, na chupa ya dawa ya maji. Akaiinua chupa, akaitazama kwenye mwanga.

"Hii imeshaanza kunywewa?"

"Hiyo ni ya kikohozi," nikasema.

"Nani kasema?"

"Ni tamu. Mimi nilikuwa na kikohozi, nikanywa vijiko viwili viwili kwa siku mbili."

"Na kikohozi kikaisha?"

"Kikohozi kipo. Lakini Alhamisi sikuweza kwenda kwenye mkutano wa akina mama. Sikuweza kwenda popote isipokuwa pale nyuma."

Safari hii Toakase alicheka mpaka machozi. "Mama mkubwa, hii ndiyo dawa ya kulainisha choo. Ndiyo iliyotakiwa kunywewa tangu siku ya kwanza. Na wewe usinywe tena dawa ya mtu mwingine."

"Nimekoma," nikasema. Na kweli nimekoma.

Akashika vidonge vidogo. "Hivi ni vikali. Vinatuliza maumivu, lakini vinafunga choo. Huyo mtu wa mbali anavinywa vipi?"

"Anavinywa maumivu yakiniz… yakimzidi," sauti ikasema. "Anavumilia mpaka machozi yatoke, ndipo anameza viwili."

"Na hivi vikubwa?"

"Hivyo hajavigusa. Alidhani ni vya kichwa."

Toakase akatikisa kichwa taratibu. Hakumlaumu mtu. Akaenda mpaka kwenye tangi la maji, akampigia daktari simu, akaongea naye kwa dakika chache. Alirudi na kauli ya daktari.

"Mama mkubwa, daktari amesema hivi. Vidonge vikubwa anywe viwili kila baada ya saa sita. Hiyo ni mara nne kwa siku, isizidi hapo. Asingoje maumivu yapande. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi ngumu. Vile vidogo aviweke kando, avitumie tu ikiwa ameshindwa kabisa. Dawa ya maji aanze leo, asubuhi na jioni, kwa kipimo hiki kilichoandikwa kwenye chupa. Isipofanya kazi mpaka kesho jioni, aje hospitali. Na akianza kutapika, au tumbo likizidi kuvimba, aje saa hiyo hiyo."

"Ale nini?" nikauliza. Hilo nililiuliza mwenyewe.

"Papai. Uji wa shayiri. Mboga za majani, viazi vitamu na maganda yake, maharage. Nyama ya kopo na mkate mweupe aviache kwanza. Na maji, mama. Bilauri nane kwa siku, si funda moja moja. Bila maji, vyakula hivi na dawa hii havifanyi kazi vizuri."

"Na kava?" ukuta ukauliza haraka.

"Asiguse kava wala pombe wakati anatumia dawa. Na asikae chini amekunja miguu saa nzima. Alale kwa ubavu, atembee kidogo uani, alale tena. Kutembea kunaamsha utumbo."

Halafu akavuta beseni, akamimina maji ya birika na maji baridi, akatia kiwiko ndani. Akanishika mkono, akautia na wa kwangu.

"Unasikia vuguvugu hili? Ni maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Aketi ndani yake dakika kumi mpaka kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku, na kila akitoka chooni. Misuli ya pale inalegea, maumivu yanapungua. Ni maji matupu. Asitie chumvi, wala sabuni, wala dawa ya kuua vijidudu, wala majani ya Sateki."

"Umejuaje habari za majani ya Sateki?"

"Amelisimamisha basi njiani akaniongezea mengine."

Akanionyesha pia jinsi ya kuketi chooni. Aligeuza ndoo ndogo juu chini, akaweka miguu yake juu yake ili magoti yapande, akainama mbele, viwiko juu ya magoti. "Haja ikija, aende papo hapo, asiirudishe. Atoe pumzi taratibu, asijikamue. Kama dakika kumi zimepita bila kitu, ainuke, atarudi baadaye. Asikae humo na simu. Akimaliza, ajisafishe kwa maji, ajikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini, asisugue."

Moto ulilia kidogo. Kisha sauti ikatoka ukutani, lakini sasa ilikuwa ndogo. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu Kelepi akiwa mtoto.

"Mama. Muulize kama itauma."

Sikuwa na haja ya kuuliza. Toakase alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mwambie itauma," akasema polepole. "Sitamdanganya. Mara ya kwanza itauma, na ataona damu kidogo, na hiyo ni kawaida. Mara ya pili itauma kidogo kuliko ya kwanza. Nimewaona wanaume wakubwa wodini wakilia siku ya tatu, na wiki ya pili wanatutania. Lakini damu ikitoka nyingi bila kukoma, au ikitoka mabonge, au akipata homa, au usaha, au haja ndogo ikigoma, asingoje hata saa moja." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na mwambie dada yake… mwambie nesi wake anamwombea."

Hilo nililipeleka neno kwa neno. Safari hii hakuna aliyesema amesikia.

Toakase alipoondoka, niliingiza papai lililokatwa na bilauri ya maji. Kelepi alikula kipande kimoja akinitazama, kama mtu anayelishwa sumu. Kisha akala cha pili. Akanywa dawa ya maji. Akameza vidonge viwili vikubwa. Mchana akaketi kwenye beseni, na nikasikia pumzi ndefu ikimtoka.

"Mama, haya maji," akasema. "Kwa nini hawakunipa haya maji tangu Jumanne?"

"Walikupa. Ulikuwa unatazama dirisha."

Jioni alizunguka uani mara nne, taratibu, mkono kiunoni, nguruwe wakimfuata.

Jumapili hatufanyi kazi. Niliketi mlangoni na Biblia mapajani. Ibada ya alasiri ilikuwa imeanza, na kwaya ilisikika mpaka kwetu, sauti nene za wanaume zikiwa chini na za wanawake zikipanda juu yake. Kwa kawaida Kelepi huimba na hao wa sauti nene.

Nikamwona ametoka. Alikuwa amemeza vidonge vyake nusu saa kabla. Alibeba ndoo ndogo kwa mkono mmoja. Hakunitazama, nami nikatazama Biblia.

Komeo likainuliwa. Nikangoja. Halikurudishwa.

Kwaya ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine. Sikuwa nasoma. Nilikuwa nimeshika ukurasa ule ule kwa vidole viwili. Nilisikia sauti yake mara moja, sauti ya mtu aliyeumia, halafu pumzi, halafu pumzi tena. Niliinuka nikaweka birika karibu na beseni.

Alitoka uso umelowa jasho. Macho yalikuwa mekundu.

"Umekwenda?"

"Nimekwenda."

"Imeuma?"

"Imeuma. Nimewataja mababu wote kwa majina." Akashika nguzo ya jiko. "Lakini haikuwa kama nilivyoogopa, mama. Siku tano nimekuwa nikiogopa kitu kikubwa kuliko chenyewe."

"Na damu?"

"Matone machache, kwenye kitambaa."

"Matone si kitu. Ingia kwenye maji."

Aliketi kwenye beseni, nami nikakaa upande wa pili wa ukuta. Baada ya muda akaniita.

"Mama, kuna nini cha kula?"

Sijui kama nimewahi kusikia maneno matamu kuliko hayo.

Haikuwa rahisi siku zote. Jumatatu aliumia tena, Jumanne kidogo, na Alhamisi aliniambia ameumia kidogo sana. Majimaji yalitoka kwenye kidonda kwa zaidi ya wiki mbili, akawa anaweka kitambaa safi. Siku moja alisahau kunywa maji kutwa nzima, na kesho yake akajuta. Kuanzia hapo bilauri yake ilikaa dirishani, na mimi nilikuwa naihesabu.

Wiki ya tatu alianza kwenda shambani, lakini kutazama tu. Daktari alikuwa amemkataza kuinua vitu vizito. Sateki ndiye aliyepalilia matuta ya viazi vikuu, na Kelepi alisimama kandokando akimwonyesha kwa kidole.

"Unanilimisha kama punda," Sateki akasema.

"Nakufundisha kazi," Kelepi akajibu. "Kule kwenye kava wewe ni daktari. Huku ni mwanafunzi."

Dawa zilipokwisha zote, na daktari akamruhusu, alirudi kwenye kava. Sikuwepo, wanawake hatukai pale, lakini habari zilinifikia. Alikuwa akiinuka kila baada ya muda na kunyoosha miguu. Wakamtania wakisema ana haraka ya kwenda wapi. Basi akawaambia. Mle ndani hakukuwa na dada wa mtu, kwa hiyo alisema kila kitu. Aliwaambia kwamba aliificha bawasiri miaka sita kwa aibu. Aliwaambia kwamba damu kwenye choo si jambo la kukalia kimya, kwa sababu inaweza kuwa bawasiri na inaweza kuwa ugonjwa mwingine, na anayejua tofauti ni daktari, si wao saba. Aliwaambia na habari za papai na maji. Walicheka sana mwanzoni. Halafu, nasikia, mmoja akauliza hospitali wanafungua saa ngapi.

Kesho yake asubuhi Sateki alikuja kuniomba papai. Nikampa mawili. Sikumwuliza ni ya nini.

Wiki ya saba daktari alimpima Kelepi, akamwambia amepona na anaweza kushika jembe. Jumamosi iliyofuata Toakase alikuja na basi la saa tatu. Alikuja kunitembelea mimi, bila shaka. Kelepi alikuwa amesimama mlangoni kwetu, amevaa mkeka wake mzuri wa kiunoni, kama anavyovaa mbele ya mtu wa heshima.

"Umefika salama, dada?"

"Salama. Hapa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wote?"

"Wote kabisa."

Toakase alimtazama mara moja tu, kutoka miguuni mpaka mabegani, jinsi alivyosimama wima. Kisha akainamisha macho akatabasamu, akapita kuja jikoni kwangu. Kelepi akaenda zake shambani. Tulikula, tukasema mengi ya ukoo, na hatukutaja kijiji cha mbali hata mara moja.

Basi la kurudi lilipokuja, Kelepi alitokea na kikapu cha viazi vikuu begani, vile vya kwanza vya mwaka. Kwetu viazi vya kwanza haviendi kwa mtu yeyote tu. Toakase akanigeukia akiwa na wasiwasi kwa ajili ya ule mzigo.

"Daktari ameruhusu," nikamnong'oneza.

Kelepi akakiingiza kikapu ndani ya basi mwenyewe, akakiegemeza vizuri kisianguke. Dereva aliona wana la kusema, akazima injini bila kuambiwa. Mwanangu alisimama chini, Toakase akiwa ngazini.

"Jumamosi mama huwa mpweke," Kelepi akasema, akitazama gurudumu la basi.

Mimi sina upweke wowote. Jumamosi nyumba yangu hujaa wanawake wanaosuka mikeka, na kelele zao hufika barabarani. Lakini nilinyamaza.

"Uje tena, dada."